Shiundu Aliyekwisha Kuagwa

Zamani mtu aliyekwenda mbali aliagwa asubuhi na jioni yake alikuwa ameshafika nusu ya njia. Siku hizi anaagwa, anafika uwanjani, anaambiwa ndege imesogezwa, na anabaki mjini hapa kama mzigo usio na mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya Shiundu, fundi wa vitanda wa Kawangware, niliyemjua tangu tukiwa vijana. Alipotoka Kakamega alifikia kwangu hapa Kibera, katika chumba cha Makina ambacho bado nakaa, tukalala wawili kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai. Alipomwoa Kavetsa alihamia Kawangware, kwenye vyumba vya kupanga vya ploti ya Kagiri, na hakutoka tena. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara: turubai, meza ya kupigia randa, na vitanda vimeegemezwa ukutani. Alifanya kazi polepole. Mteja akimharakisha, Shiundu aliweka randa chini na kumwuliza kama anataka kitanda cha kulalia ama cha kuangalia. Siku hizi vitanda vinatoka viwandani vimefungwa kwenye maboksi, na mtu anajikazia skrubu mwenyewe nyumbani. Havidumu, lakini na ndoa za siku hizi hazidumu, kwa hiyo hakuna anayelalamika.

Jambo lililomtofautisha Shiundu na wengine ni kusindikiza. Sikumbuki mtu wa kwao aliyeondoka Nairobi bila Shiundu kumfikisha Machakos Airport, jina tulilolipa steji ya mabasi ya mashambani kwa mzaha, maana ndege yetu ilikuwa basi. Alibeba mzigo, akauweka juu ya basi, akasimama pale mpaka basi likaondoka, ndipo akarudi kazini. Mvua ikinyesha alisimama vilevile.

Nyumbani kwao pia walikuwa na desturi waliyoishika sana. Anayekwenda mbali huagwa na mkubwa wa nyumba. Anaombewa, ananyunyiziwa maji mlangoni, anatoka bila kugeuka nyuma, na mkubwa yule anafunga mlango na kukaa na ufunguo. Mtu akishaagwa hivyo halali tena chini ya paa lile mpaka afike aendako na kurudi. Wala aliyemuaga hamtazami wala kumsalimu tena kabla hajafika. Mama yake Shiundu alikuwa akisema kwamba anayeagwa mara mbili kwa safari moja, ile ya pili ni ya kaburini. Sijui kama ni kabila zima lililofuata hayo au ni nyumba yao tu. Kwetu hatukuwa nayo. Lakini nimeishi kiasi cha kuona kwamba nyumba isiyo na desturi yoyote ni bweni.

Mwaka jana binti yake mkubwa, Mitchelle, anayefanya kazi ya hoteli huko Doha, alipata likizo ya wiki moja. Badala ya kuja nyumbani, aliamua wazazi wake na wadogo zake wawili, Derrick na Whitney, wamfuate huko wapumzike, waone bahari na majumba, wakae mahali wapikiwe na watandikiwe. Whitney, aliye darasa la pili, alimjua dada yake kwa simu tu. Shiundu hakuwahi kupumzika wiki nzima tangu azaliwe, lakini aliponieleza hakulirudia hilo. Alichorudia ni kwamba watoto wake wote watatu watakaa kwenye meza moja naye wakila. Bahari hakuijali.

Mitchelle alitaka kununua tiketi kulekule kwa simu yake. Shiundu akakataa. Alisema tiketi hununuliwa pale unapoondokea, ili ukikwama uwe na mtu wa kumwuliza. Kwa mabasi ilikuwa kweli. Kwa hiyo alimwendea Muchiri, kijana mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Kawangware, akakaa karibu naye mpaka mashine ikatoa karatasi. Muchiri alifanya kama anavyomfanyia kila mzee asiye na barua pepe: alijaza ya kwake. Barua pepe hiyo hupokea mambo ya nusu ya Kawangware, pasipoti, kodi, maombi ya kazi, matokeo ya mitihani. Hakuna kichwa kinachoweza kuyasoma yote. Shiundu alizikunja karatasi zake, akazitia kwenye Biblia ya Kavetsa, akaamini mambo yamekwisha.

Alhamisi ya kuondoka, ploti yote ya Kagiri ilitoka nje, nami nilikuwepo. Mkubwa wa nyumba ni Filister, dada yake Shiundu, mjane anayeuza mboga kule mtaa wa Satellite. Aliomba kwa Kiswahili, akamalizia kwa lugha ya kwao, akanyunyiza maji, akafunga mlango, akatia ufunguo kifuani. Wanawake waliimba. Kagiri, mwenye ploti, alitoa hotuba ndefu utadhani ndiye aliyelipa nauli, akamwambia Shiundu asije akarudi na pua ndefu akawadharau. Kavetsa alimwachia wifi yake simu, ili wanawake wa chama chao cha kuweka akiba wakipiga wasikose wa kuongea naye. Kisha familia ikaondoka, na Shiundu hakugeuka nyuma.

Uwanjani msichana wa kaunta aliwaambia kwamba ndege yao haikuwa ya siku ile. Ilikuwa imesogezwa mpaka Jumamosi jioni, na abiria walitaarifiwa. Shiundu aliuliza ni nani aliyetaarifiwa. Msichana akamsomea anwani ya Muchiri, herufi kwa herufi. Na kwa kuwa taarifa ilitolewa mapema, hakukuwa na hoteli ya kuwalaza wala chakula. Hakukuwa pia na mtu wa kugombana naye. Msichana alikuwa mpole, na alikuwa ameshaanza kumsikiliza mtu aliye nyuma yao.

Walimpigia Mitchelle. Alilia kidogo, kisha akasema sawa, wakifika usiku wa Jumamosi bado siku zitatosha. Walimpigia Muchiri, naye akaupata ule ujumbe umelala chini ya mambo ya watu wengine. Aliomba msamaha mpaka Shiundu akamwonea huruma, akaapa kwamba kuanzia wakati ule hataiondoa macho barua pepe hiyo mpaka waruke.

Kavetsa alisema basi, warudi nyumbani, wachukue ufunguo kwa Filister, walale, Jumamosi si mbali. Shiundu akasema hawezi, ameshaagwa. Kavetsa ni mtu wa kanisa na hana subira na maji ya mlangoni. Alimwambia mumewe kwamba Mungu haangalii paa. Shiundu akamjibu kwamba Mungu haangalii, lakini Filister anaangalia.

Ndivyo walivyokuja kwangu. Niliwaona wakishuka kichochoro na mabegi yao mapya, Kavetsa amevaa suti ya kanisani, Whitney amelala mgongoni kwa baba yake. Derrick, aliye kidato cha pili, alitangulia.

"Niaje, Mzee Khamala," akanisalimu, kama mtu wa rika lake. Akachungulia chumbani. "Kwani hii ndiyo Doha?"

"Ndiyo. Vua viatu," nikamwambia.

Nilikuwa na kitanda kimoja na pazia. Kavetsa na Whitney walilala kitandani, sisi wengine tukalala upande wa pili wa pazia. Sikuona tabu. Enzi zetu chumba hakikuwa na idadi ya watu. Kilikuwa na waliofika. Siku hizi mgeni hupiga simu kwanza kuuliza kama unapokea wageni, na mwenyeji hufikiria.

Tangu jioni ile simu ya Shiundu haikunyamaza. Mmefika? Ndege ilikuwaje? Chakula cha huko kinalika? Kagiri alitaka picha. Shiundu hakuweza kusema wamefika, kwa sababu ni uongo, wala hakuweza kusema hawajafika, kwa sababu habari ingefika kwa Filister kabla hajafunga kibanda. Aliitazama simu ikitetemeka sakafuni kama mdudu aliyepinduka. Mwishowe akaizima, akaitia chini kabisa ya begi.

Nilimwambia asiizime. Nilimwambia kitu kilichosogezwa mara moja kinaweza kusogezwa tena. Alinijibu kwamba hata basi likiharibika, huharibika mara moja kwa safari. Sikubishana naye sana. Tulikulia katika dunia ambayo mtu aliyelibadilisha neno lake mara moja aliona haya kulibadilisha tena. Derrick hakuwa na simu, kwa kuwa shule yao haiwaruhusu na baba yake hakuona haja ya kumnunulia ya likizo. Simu yangu Muchiri hakuijua. Basi tukalala tukiwa tumepotea, watu watano katikati ya Nairobi.

Ijumaa asubuhi Shiundu hakuweza kukaa bure. Aliutazama mlango wangu unaokwaruza sakafu, akaazima randa kwa jirani, akaung'oa na kuupunguza chini. Kavetsa alifua nguo walizotoka nazo Kawangware, maana alisema hawezi kumpelekea binti yake jasho la siku mbili, akazianika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuwa na haraka. Tulikuwa na siku nzima na nusu mbele yetu.

Yaliyotokea Kawangware saa zizo hizo nilielezwa baadaye na Muchiri mwenyewe. Alikuwa ametimiza kiapo chake. Kabla ya adhuhuri aliona ujumbe mpya: ndege ya Jumamosi imefutwa, na abiria wake wameingizwa kwenye ile ya Ijumaa alasiri. Atakayeikosa atasubiri mpaka Jumatano. Jumatano Mitchelle angekuwa amebakiwa na siku moja arudi kazini.

Muchiri alipiga simu ya Shiundu, haikupatikana. Alifunga saiba akiwa na wateja ndani, akawatoa, akakimbia mpaka ploti ya Kagiri. Alikuta kufuli. Akawauliza majirani Shiundu yuko wapi, nao wakamcheka. Kagiri alitoka na mswaki mdomoni akamwambia kwamba watu hao wako Doha, yeye mwenyewe aliwaaga, na kwamba saiba inaharibu vijana akili. Muchiri akajaribu namba ya Kavetsa. Ikapokelewa Satellite, kwenye kibanda cha mboga.

Filister alimwambia kwamba ndugu yake aliondoka jana. Muchiri akamwambia hapana, hakuondoka, ndege haikuwepo. Filister hakuuliza habari za ndege. Aliuliza jana wamelala wapi. Muchiri hakujua, lakini Filister alipomaliza kuuliza alikuwa ameshajijibu. Alijua nyumba moja tu katika mji huu ambayo Shiundu angeweza kuingia na familia bila kujieleza. Alimwambia Muchiri atafute gari likasubiri barabarani upande wa Makina, akaacha sukuma wiki kwa jirani yake wa kibanda, akapanda bodaboda, yeye ambaye kwa miaka mingi alituambia kwamba bodaboda ni jeneza lenye magurudumu.

Tulikuwa tunakula ugali kwa omena. Mlango ulikuwa umeegemezwa ukutani, haujarudishwa, na palikuwa na pazia jepesi tu. Nikasikia sauti ninayoijua.

"Khamala, uko?"

Shiundu akaacha kutafuna. Kavetsa alitazama kitanda, kana kwamba watu wanne wangeenea chini yake.

"Niko, Mama. Karibu ndani."

"Siingii. Nimekuja kwako wewe." Nilipofungua pazia nilimwona amesimama ameupa mlango mgongo, kitambaa chake cha kichwani kimegeuka rangi kwa vumbi. "Ukimwona mtu anayesafiri, mwambie ndege yake imerudishwa. Si kesho, ni leo alasiri. Akiikosa ni mpaka Jumatano."

Shiundu alisimama na tonge mkononi. "Muulize nani amesema."

Nilikuwa katikati yao, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kuliko nilivyowasikia mimi. Hata hivyo niliuliza.

"Kijana wa saiba. Na gari liko barabarani, karibu na msikiti. Mwambie aache kula."

"Mwambie sikumdanganya," Shiundu akasema. "Nilizima simu tu."

"Mwambie jana nilikesha nikimwombea avuke bahari salama. Kumbe namwombea mtu aliye Kibera anakula omena."

Kavetsa alikuwa ameshatoka nyuma kuanua nguo. Zilikuwa bado mbichi. Alizikamua alivyoweza, akazisokota ndani ya mfuko wa plastiki, akaanza kuwavika watoto viatu vyote kwa pamoja. Derrick alimnong'oneza dada yake, "Senje anatuchukulia ni kama tumededi." Senje ndivyo kwao wanavyomwita shangazi.

"Khamala," Filister akasema bila kugeuka, "humo ndani kuna mvulana anaongea? Mwambie aliyekufa hapigi kelele."

Kavetsa hakuwa na wakati wa kupitishia maneno kwangu.

"Wifi, tutagombana nikirudi," alisema. "Sasa nishikie hili begi."

Mkono wa Filister ulirudi nyuma peke yake, ukapapasa mlangoni, ukashika begi, ukalitoa nje. Kisha ukarudi kuchukua la pili.

Watoto wakatoka, Kavetsa akatoka. Shiundu alibaki ndani. Nilidhani anatafuta kitu. Alikuwa amesimama anautazama mgongo wa dada yake, na mbele ya mgongo ule palikuwa na safari yake.

"Muulize kama ataniombea tena," akaniambia kwa sauti ya chini. "Ile ya jana si ilikuwa ya ndege nyingine?"

Sikuwahi kumuuliza mtu jambo zito kama hilo nikiwa na mikono ya omena. Filister alikaza kitambaa chake cha kichwani.

"Mwambie nilishamuaga," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira tena. "Mara ya pili siitaki, na yeye anajua ni kwa nini. Aende kwa ile ya jana. Bado haijachacha."

Akasogea pembeni, akaugeukia ukuta wa mabati wa jirani, akakaa hivyo mpaka Shiundu alipopita nyuma yake na mfuko wa nguo mbichi.

Waliiwahi ndege hiyo. Muchiri anasema aliambiwa kaunta ilikuwa inafungwa, na Derrick aliwahi kufika akaweka mguu kwenye mkanda wa mizigo usizimwe, mambo ya kidato cha pili. Siku mbili baadaye Muchiri aliniletea picha aliyotumiwa na Mitchelle. Wamekaa kwenye meza ndefu ya kioo, sahani zimejaa vitu nisivyovijua, Whitney yuko mapajani kwa dada yake, na Shiundu amevaa shati lisilopigwa pasi. Hacheki. Anawatazama watoto, hatazami kamera. Nilikaa na picha ile mpaka Muchiri akaniomba simu yake.

Kwenye meza hiyohiyo, kama nilivyokuja kuambiwa, Mitchelle alimwomba baba yake aache Nairobi. Angewajengea nyumba Kakamega, na umri wa kusukuma randa barabarani ulikuwa umepita. Shiundu alikubali. Ingekuwa mimi ningekataa, lakini sina binti Doha. Waliporudi, Kavetsa alifunga vitu kwa siku moja, wakapata lori kwa simu, wakaondoka asubuhi yake. Kagiri alikuwa mazishini Murang'a. Hapakuwa na wimbo wala hotuba. Mtu aliyesindikiza watu maisha yake yote, aliyeagwa na ploti nzima kwa safari ya wiki moja, aliondoka moja kwa moja bila wa kumshikia hata nyundo. Nilipompigia simu aliniambia alitaka sana kupita kwangu, ila mambo yalikwenda mbio. Ndivyo alivyosema Shiundu, mambo yalikwenda mbio.

Kwa hiyo mara ya mwisho nilipowaona ni Ijumaa ile, pale barabarani Makina. Swala ilikuwa imetoka, na watu wenye kanzu walijaa njia yote wakisalimiana bila haraka, gari likashindwa kusogea. Dereva alipiga honi kidogo, akaona aibu, akaacha. Niliwaona vizuri kwa sababu ya kukwama huko. Derrick alikuwa mbele, ananyanyua kidevu kunisalimu. Nyuma, Kavetsa alikuwa ametoa mkono dirishani anakamua soksi ya Whitney, na maji yanadondoka ubavuni mwa gari. Shiundu alikaa kati ya watoto na mabegi, anatazama mbele tu. Filister alikuwa kando yangu, ameligeukia duka la viazi, anasoma bei ambazo hakuwa na haja nazo.

Watu walipungua, gari likapata nafasi, likakata kona.

"Wameondoka?" Filister akaniuliza.

Nikamwambia wameondoka. Ndipo akageuka.